Ramani Iliyosema Hapa Hakuna Watu

Kwa Mama Nickson hapakosi watu. Asubuhi ile ya Agosti, mwaka 2014, wanawake sita walikuwa uani kwake wakichambua maharage. Mikono ilichambua maharage, midomo ilichambua majirani. Jina lake hasa ni Esteri, lakini kitongoji kizima cha Nyakabingo, huku vilimani Kasulu, humwita kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Irakoze, mke wa Nickson, aliingia na ndoo kichwani. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Alitoka bondeni kuchota maji. Kushuka ni nusu saa, kupanda ni saa nzima.

"Umechelewa, mkwe wangu," alisema Esteri akimtua ndoo.

"Foleni, Mama. Na ng'ombe wa watu wameingia chemchemini. Haya maji yaacheni yatulie kwanza."

"Vumilia kidogo. Mradi wa maji unaleta pampu za mkono. Ya kwetu haiko mbali."

Hapo akaingia mume wa Esteri, Leonidasi, kutoka mkutano wa kijiji. Hakusalimia mtu.

"Orodha ya pampu imetoka," alisema. "Sisi hatumo, na Ijumaa inafungwa."

"Hatumo kwa nini?"

"Wanasema Nyakabingo hakuna watu. Ramani yao inaonyesha mabanda ya mbuzi. Mabanda thelathini na nane."

Wanawake wakaangua kicheko. Adija, jirani wa upande wa chini, akasema sasa ameelewa kwa nini mume wake anapenda majani ya maboga.

Esteri hakucheka. Aliinuka, akaketi, akainuka tena. Akachukua ufagio, akaanza kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Mwalimu Loyce alimtazama. Alikuwa mwalimu wa jiografia, mwenyeji wa Tanga, aliyehamishiwa sekondari ya pale. Alikuja kununua maharage, akanogewa na mazungumzo.

"Mama Nickson," alisema, "weka ufagio. Unajua nini?"

"Mwezi wa pili walikuja vijana wawili," alisema Esteri. "Walikuwa na simu kubwa kubwa. Wakauliza, hizi ni nyumba? Nikasema ni mabanda ya mbuzi. Halafu nikakatiza migombani, nikawaambia wengine waseme hivyo hivyo."

"Na sufuria hawakuziona?" aliuliza Adija.

"Waliziona. Nikasema wachungaji wanapikia."

"Kwa nini, mke wangu?" aliuliza Leonidasi.

"Wewe ndiye wa kuniuliza? Dada yangu Niyitegeka alikuwa kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Walihesabiwa, wakaandikwa. Mwaka 2012 kambi ikafungwa, malori yakaja, wakarudishwa walikotoka. Mimi nikiona mtu anahesabu nyumba, nayaona malori."

"Lakini sisi ni raia. Vyeti vimo sandukuni."

"Hofu haijui kusoma vyeti."

Loyce akapanda juu ya kichuguu kando ya ua, mahali ambapo mtandao hushika. Akawaita. Kwenye simu yake kulikuwa na ramani. Miraba midogo ilipangwa kando ya njia.

"Hiki ndicho kitongoji chetu," alisema. "Shuleni tuna ramani ya ukutani iliyochapwa kabla sijazaliwa. Hapa petu inaonyesha msitu. Zamani ramani ilichorwa na wapimaji, ikachapwa Dar es Salaam, nawe ukainunua. Ikiwa na kosa, kosa lilikaa miaka thelathini. Siku hizi kuna ramani za bure kwenye mtandao. Hii inachorwa na watu wengi kwa pamoja. Wanatazama picha iliyopigwa na setilaiti, chombo kinachozunguka dunia huko juu. Wanachora mapaa, njia na mito."

"Nani anawalipa?" aliuliza Leonidasi.

"Wengi hawalipwi. Wengine wako nchi za mbali, hata Kasulu hawaijui. Wanaona paa, lakini hawajui ndani kuna mtu au mbuzi. Ndiyo maana vijana walikuja kuuliza. Mradi wa maji nao haungoji tena mpimaji mwaka mzima. Unafungua ramani, unahesabu nyumba."

"Kwa hiyo nilichosema ndicho kilichoandikwa," alisema Esteri.

"Neno kwa neno."

"Wanaandika na majina yetu?"

"Hapana. Ramani hii inaonyesha nyumba, njia, shule, kisima. Haisemi mwenye nyumba ni nani wala babu yake alitoka wapi. Mtu akitaka jina lako, muulize ni la kazi gani. Unaweza kukataa."

"Na mtu mbaya akiifungua, hataona kwamba tuko hapa?"

"Ataona," alisema Loyce. "Sitakudanganya. Lakini paa lako linaonekana kwenye picha ukisema na usiposema. Ulichofanikiwa kuficha ni watu tu. Na waliofichika ni hawa."

Alimwelekezea mkono Irakoze, aliyekuwa akitoa majani kwenye ndoo.

Esteri akashuka kichuguuni. "Inarekebishwaje?"

"Anayejua ukweli anairekebisha. Nitakufundisha. Ila orodha inafungwa Ijumaa, na leo ni Jumanne."

Jioni ile ile walianza. Loyce alishika simu, Esteri akatangulia mbele. Kila mlango ilimbidi aseme maneno yale yale: "Niliwashauri vibaya. Nilikuwa na hofu. Naomba turekebishe." Nyumba ya kwanza alibisha hodi mara tatu kabla ya kusema. Kufika ya kumi alikuwa anasema hata kabla ya hodi. Wengine walimcheka. Wengine walimlaumu kwa kuwakosesha pampu, na hilo likamwuma zaidi. Hakukaa popote, hata alipokaribishwa uji.

Mzee Habonimana alimsubiri mlangoni, mikono kiunoni.

"Wewe binti, ulinifundisha niseme ni banda. Leo unataka niseme ni nyumba. Kesho niseme ni kanisa?"

"Kesho sitasema kitu, Mzee."

"Basi na mimi leo sisemi kitu."

Esteri alitaka kubishana. Loyce akamshika mkono. "Ni haki yake," alisema. "Tutaandika 'jengo', tusiongeze neno." Alifuta neno banda, akaandika jengo. Wakaenda zao.

Jumatano usiku haujaingia, nyumba thelathini na saba zilikuwa zimeandikwa. Loyce akampigia simu Japhet, afisa wa mradi mjini Kasulu.

"Mwalimu, nimeona," alisema Japhet. "Lakini nitaaminije? Juzi mbuzi, leo watu."

Esteri akaichukua simu. "Mwanangu, usiamini. Njoo uone."

Alhamisi Esteri hakufanya kazi yoyote ya maana. Alitoka barabarani mara nane. Saa tisa mchana pikipiki ikaingia. Japhet alikwenda nyumba kwa nyumba, simu mkononi, akilinganisha. Mwisho akaketi kwa Esteri, akapewa kiti na kikombe cha chai.

"Zamani tulilipa watu watuchoree ramani," alisema. "Sasa ya kuanzia tunaipata bure, na gharama inapungua. Lakini kosa letu ni kwamba tuliiamini bila kufika. Ramani ya bure inataka miguu. Na inataka wenyeji waseme kweli."

"Na sisi je?" aliuliza Irakoze.

"Nitawaingiza kwenye orodha, dada. Leo hii."

Mtambo wa kuchimba ulifika mwezi wa kumi na moja. Irakoze alikuwa amejifungua salama. Maji yalitoka na tope, yakatoka meupe, kisha yakatoka safi. Adija aliyanywa kwa kiganja, akasema hayana ladha ya ng'ombe. Mzee Habonimana alijaza madumu mawili, na hakuna aliyemwuliza neno.

Japhet akafungua ramani ili aiweke pampu. "Niandike nini?" aliuliza.

Watu wakaanza kubishania jina. Wengine walitaka la mwenyekiti, wengine la mtoto wa Irakoze. Esteri alinyoosha mkono, akaomba simu. Loyce alikuwa amemfundisha. Akabonyeza polepole kwa kidole kimoja: *Maji safi. Panafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi.*

"Na watu wa ng'ambo ya kilima wakisoma?" aliuliza Leonidasi. "Watakuja wote hapa."

"Waje," alisema Esteri, akamrudishia Japhet simu. "Waje na ndoo zao."