Mkono wa Wifi Kwenye Beseni la Funza

Nilisukuma mlango... nikamkuta wifi yangu Severa amepiga magoti kando ya kitanda changu, mkono umezama kwenye beseni langu la funza!

Ndiyo, funza. Chekeni mmalize.

Mwaka wa pili huu nafuga funza chumbani kwangu, hapa hapa Kariakoo. Mabeseni manne chini ya kitanda, pumba za ngano, vipande vya karoti. Wanaofuga ndege na samaki wa mapambo wananijua, hununua kwangu wakalishe. Ni kitu pekee mjini hapa ninachoweza kusema ni changu mwenyewe.

Na siku hiyo walikuwa wanakufa! Tangu asubuhi wanajikunja, wanakuwa weusi... nawaangalia tu, sijui nishike lipi.

Severa ni mdogo wake mume wangu Zakayo, tunaishi naye, analala sebuleni. Huyo akiona funza mmoja anapanda juu ya kochi.

"Iko siku nitayamwagia maji ya moto madudu yako!" Kalisema hilo mara ngapi, sijui.

Sasa ujasiri wa kuingiza mkono kautoa wapi?

"Umewawekea nini?!"

"Wifi, nisikilize kwanza..."

"Nimekuuliza, umewawekea nini?!"

"Wanakufa, wifi, mimi nilikuwa..."

"Toka nyumbani kwangu!"

Nikakumbuka mama mkwe yuko uani anachambua mchicha. Nikashusha sauti. Alikuwa na wiki moja tu toka aje kutoka Masasi, na habari za funza hazijui. Ningeanzaje kumwambia kwamba mwanawe analala juu ya wadudu? Hata gunia la pumba nilimdanganya ni chakula cha kuku wa dada yangu wa Mbagala.

Severa akafuta machozi, akabeba begi, akaenda kupanda pantoni Magogoni avuke bahari. Alimuaga mama mkwe kwamba anaenda tu kumsalimia mama mdogo Kigamboni. Siri yangu hakuitoa.

Jioni mabeseni yote manne yalikuwa kimya. Nilikaa sakafuni nikalia. Mama mkwe akasimama mlangoni.

"Mwanangu, una nini?"

"Kichwa tu, mama."

"Pole. Unajichosha mno. Ndiyo maana nikakusaidia lile gunia."

"Gunia gani, mama?"

"La pumba za kuku. Si limeingia wadudu! Juzi nikazianika uani, nikazichekecha, nikachanganya na ile dawa ya mahindi niliyonunua sokoni. Kidogo tu, kama tunavyofanya kwetu. Sasa mwaka mzima mdudu hagusi!"

Jamani...

Jana yake nilikuwa nimebadilisha pumba kwenye mabeseni yote, nimechota kwenye gunia hilo hilo. Kwa mikono yangu mwenyewe!

Alikuwa anatabasamu, kafurahi kumfaa mkwewe.

"Asante, mama."

Asubuhi nafagia sebuleni, nyuma ya kochi nikakuta kopo la maziwa. Kifuniko kimetobolewa kwa msumari. Nikalifungua.

Vipande vya gazeti. Karoti iliyokatwa ndogo ndogo. Na funza kumi na saba... wazima!

Severa, asiyeweza hata kuwatazama, aliwaokota mmoja mmoja kwa vidole vyake. Kumbe siku ile nilimkuta anarudi kuchukua wengine.

Nimempigia mpaka nimechoka. Simu imezimwa. Zakayo naye ananiuliza dada yake kakosa nini.

Ndugu zangu mnaosoma, kazi yako usiwafiche watu unaoishi nao. Na mtu akikuomba umsikilize kwanza, msikilize, hata kama damu inachemka. Mimi nimechelewa.

Mama anaondoka kesho. Dawa iliyobaki kaniachia mimi, anasema nitaihitaji. Kaiweka mwenyewe juu ya kabati, pembeni ya lile kopo nililolificha pale.