Sauti ya Sita Mbele ya Boila

Pale kwenye dobi kubwa walikuwa watano, pamoja na msimamizi, na asubuhi hiyo mpiga pasi alihesabu sauti sita.

Utaratibu wao ulikuwa hivi: kabla ya kuwasha boila, husimama mbele ya mlango wa chuma wa chumba chake na kila mmoja husema "Iwashwe." Mmoja akikataa, haiwashwi. Msimamizi, waliyembandika jina la Bwana Umoja kwa jinsi alivyochukia ubishi, aliusifu utaratibu huo utadhani kaubuni yeye.

Siku ile vali ya kuachia mvuke ilikuwa imekwama. Vali ikikwama, boila inaweza kupasuka, na hilo hakuna asiyelijua. Mpiga pasi alikuwa amejiandaa kukataa, maana anayeingia mle ndani kuwasha ni kaka yake wa tumbo moja. Kabla hajafungua mdomo, mtu alikwisha sema "Iwashwe," wengine wakafuata mbiombio, naye akajikuta amefuata. Boila ikawashwa, haikupasuka, ila nyuma yao ikabaki harufu ya nywele zilizoungua, na hakuna aliyeungua.

Mchana alimvuta kaka yake nyuma ya marundo ya mashuka.

"Kaka, nani alianza kusema?"

"Si wewe?"

"Mimi nilitaka kukataa."

"Hata mimi, mdogo wangu. Nikakusikia wewe, nikasema labda naogopa bure."

Mfuaji alidai alimsikia kaka. Mkunja nguo alimsikia mfuaji. Tangu hapo wakawa wanatazamana kwa jicho la pembeni, kila mmoja akivizia midomo ya mwenzake, na siku tatu mfululizo ile sauti ikawatangulia, ikitokea nyuma ya shingo zao, karibu kabisa, na pumzi yake ya moto, kila mmoja akiisikia kama ya mwenzake anayemwamini, na boila ikawashwa, na geji ya mvuke ikapanda kuliko jana.

Siku ya nne Bwana Umoja mwenyewe alileta mganga. Mganga akanusa chumba, akawapanga mbele ya mlango.

"Huyu jini anakula mnayoficha," alisema taratibu. "Ili atoke, nataka mmoja tu aniambie. Nani hataki iwashwe?"

Mpiga pasi alimsubiri kaka, kaka alimsubiri yeye. Mfuaji alikagua kucha zake kama ndiyo kwanza anaziona.

"Sisi hapa ni kitu kimoja," alisema Bwana Umoja, jasho likimtiririka.

Mganga akafunga mkoba. "Basi sina wa kumtoa," akasema, akaondoka kwa haraka isiyomfaa mtu wa umri wake.

Kaka akachukua kiberiti. Alipofika mlangoni akageuka.

"Mdogo wangu, niwashe?"

Wote wakamtazama mpiga pasi. Alingoja ile sauti imtangulie, apate wa kumlaumu, lakini jini alinyamaza.

"Washa," alisema, na akalisikia neno likitoka kooni mwake mwenyewe.

Kaka akainama, akaingia, akavuta mlango.