Pete Ndani ya Dimbwi

– Bado unayapigia maji magoti?

Gervais alikuwa ameinama kwenye matope, kamera kaifunika mfuko wa plastiki, akiwinda pembe za yule ng'ombe wa sanamu wa mjini Mbarara zilivyolala ndani ya dimbwi. Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Kando ya pembe akaona mwavuli mwekundu, na chini yake uso. Moyo ukampiga paa! Miaka mitatu, na bado alimtambua hata akiwa kichwa chini.

– Léoncie, akasema bila kuinuka. Mume wako hajambo?

– Mume gani?

– Usinichezee. Mvua peke yake inanitosha.

Zamani mwavuli ule ulikuwa wa kamera. Kila msimu wa mvua walitoka wote kambi ya wakimbizi ya Nakivale kuja kuutafuta mji ndani ya madimbwi: kanisa la Nyamitanga, daraja la Rwizi, ng'ombe huyu. Gervais aliyapiga maji picha, kisha aliigeuza juu chini mpaka majengo yakasimama. Léoncie aliikinga kamera, yeye mwenyewe akalowa chapachapa huku akicheka. Picha zilichapwa kwenye mapazia makubwa ya studio yao kambini, na watu wasiowahi kufika mjini wakapigwa picha wakiwa mjini. Jioni waligawana chapati moja yenye mayai, na Gervais hajala tamu kama ile tena.

– Nimekuuliza, Gervais. Mume gani?

– Wa ile pete! Si ulinitumia foto weye mwenyewe, ulipokuja huku kujifunza kushona? Pete mukono wa kushoto, inang'aa. Kidogo nivunje telefone.

– Kumbe ndiyo maana uliniandikia vile?

Hakuhitaji kukumbushwa. Alikuwa ameandika: "Félicitations kwa ndoa. Usinitafute tena." Kisha akaifunga namba ya Léoncie asimpigie.

– Nilikuja Nakivale wiki ile ile, Léoncie akasema. Nikakuta studio imefungwa. Jirani yako Jean-Paul akasema umeenda Kikagate, hajui utarudi lini. Nikakaa mulangoni mpaka gari ya mwisho. Nikasema, bon, huyu amenichoka.

Simu yake ikaita. Akaitazama, akaiacha iite.

– Nani huyo?

– Rwakabuba. Anauza maziwa kule Kabingo. Ni muntu muzuri. Ameomba kunioa, na leo anataka jibu. Nilipita hapa nimuangalie ng'ombe wetu mara ya mwisho, kisha nimwambie ndiyo.

Léoncie akafungua simu, akamnyooshea.

– Foto yako hii hapa. Usiangalie mukono. Angalia nyuma yangu.

Alikuwa yeye, amesimama chini ya ng'ombe, mkono shavuni, pete kidoleni. Kidonda kile kile kikamuuma upya. Nyuma yake palikuwa na kibao cha duka la dawa. Gervais akajaribu kukisoma, akashindwa. Akajaribu tena. Herufi zote zilikuwa zimetazama upande usio wao.

Akaigeuza simu juu chini.

– Ni maji, akanong'ona.

– Ni maji. Kellen, rafiki yangu ninayeshona naye Nyamityobora, alipiga dimbwi hili hili. Kisha miye nikaigeuza, namna ulinifundisha. Mukono ni huu, wa kuume, maji ndiyo yaliupeleka kushoto! Pete ni ya marehemu mama. Shangazi Capitoline aliileta toka kwetu Ruyigi wiki ile, nikataka weye uwe wa kwanza kuiona. Wa kushoto niliuacha wazi, Gervais. Mpaka leo uko wazi.

Akainua mikono yote miwili kwenye manyunyu. Mwavuli ukaanguka.

– Kwa nini hukuandika hata neno moja?

– Tangu lini siye tulitumiana maneno? Foto ilikuwa inatosha! Unajua kuugeuza muji muzima, miye ukashindwa kunigeuza?

Gervais akalia, mtu mzima, katikati ya njia, mbele ya bodaboda zinazopita. Wala hakujificha.

– Nisamehe. Niliona pete tu. Wivu ulinipofusha. Tangu siku ile nilikwepa fasi hii. Leo nimekuja kwa sababu pazia letu la ng'ombe limechanika, na watu wanalitaka.

– Na miye kila mvua ikinyesha nilipita hapa. Nikisema labda yuko na kamera yake. Mvua mingi sana, Gervais!

– Usimjibu ndiyo, Léoncie. Nakuomba.

Simu ikaita tena. Safari hii akapokea.

– Rwakabuba, pardon. Weye ni muntu muzuri, sitaki kukudanganya. Jibu langu ni hapana.

Akasikiliza kwa muda mrefu, uso umeinama.

– Najua. Ulistahili kuambiwa mapema. Mungu akubariki.

Akakata simu, akaokota mwavuli. Hakujikinga. Aliupeleka juu ya kamera, kama zamani.

– Piga basi, akasema. Watu wanangoja ng'ombe wao.

Harusi ilifungwa Nakivale, mvua zilizofuata. Padri aliitoa pete ya mama mkono wa kuume, Gervais akaivisha wa kushoto, akina mama wa Kirundi wakapiga vigelegele mpaka bati likaitika. Nje Kellen, aliyeokota Kiswahili kwa baba yake mwanajeshi, alikuwa akigombana na bwana harusi.

– Banange, jamani, Gervais! Wacha hiyo kamera! Leo wewe iko bwana harusi. Simama hapo karibu na maji, mimi napiga ndani ya maji!

Picha hiyo ndiyo inayoning'inia studio hadi leo, kubwa kuliko zote. Kila mteja anayeingia lazima aulize.

– Madamu, mbona pete ya ndoa mumeiweka kuume?

Léoncie hainui hata kichwa kutoka kwenye cherehani.

– Muulize bwana wangu. Yeye ilimuchukua miaka mitatu kujua.