Kelele za Chaneli ya Tisa

Wimbi la mwisho la dhoruba ndilo lililowakomoa. Liling'oa mlingoti wa mashua yao na antena yake, likazima injini, likamvunja mvuvi Gwang-deok mkono wa kushoto. Kulipokucha bahari ilikuwa shwari, ukungu umetanda, Kisiwa cha Ulleung, nyumbani kwao, hakijulikani kiko wapi, na maji yakipenya kwenye ubao uliopasuka. Mi-ok, binti wa kaka yake, aliyachota kwa sufuria. Akipumzika kidogo tu, yanapanda.

"Ba'mdogo, maji ya kunywa yako wapi?"

"Yamekwisha. Kuna soju."

"Pombe haikati kiu."

"Si ya kiu, ni ya mkono."

Ilibaki redio ndogo ya mkononi. Mi-ok aliita chaneli ya dharura mpaka koo likakauka. Kimya. Akaanza kupekua nyingine, akiiruka ya tisa kama walivyozoea. Ya nane ilionyesha mistari mitatu ya nguvu, lakini ilikwaruza tu. Ya kumi vilevile.

"Imekunywa maji hiyo," alisema Gwang-deok. "Itupe."

Mi-ok aliifuta, akaikausha betri, akairudisha. Mistari ileile. Ya saba bubu, ya kumi na moja bubu.

"Ingekuwa mbovu ingekwaruza kote. Kuna mtu yuko ya tisa, tena karibu, kelele zake zinavuja hadi chaneli za pembeni."

Gwang-deok alinuna. Ya tisa ilikuwa ya wavuvi wa kijiji cha pili, na tangu vijiji viwili vituhumiane wizi wa ngisi, hakuna mtu wa kijiji cha Gwang-deok aliyeigusa.

"Afadhali nizame."

"Unazama kweli, na mimi nimo!"

Akafungua ya tisa. Mistari ikajaa pomoni. Ilikuwa sauti ya Chil-bok, hasimu mkubwa wa Gwang-deok, akifyonza tambi na kuimba. Mi-ok aliita, akaita tena. Yule hakusita hata kidogo.

"Kakalia kitufe cha kipaza sauti," alisema Gwang-deok. "Makalio yale! Kitufe kikibanwa, hawezi kutusikia ng'o."

Mi-ok akaigandamiza redio kifuani, akazunguka taratibu. Ya tisa ilijaa kila upande, haikumsaidia. Akahamia ya kumi, iliyo hafifu, akazunguka tena. Mahali pamoja mistari ikafa.

"Mwili wangu unamziba. Yuko nyuma yangu. Shika kasia!"

Gwang-deok alipiga kasia kwa mkono mmoja, akitukana. Mi-ok alichota, akazunguka, akachota, kisha akarudi ya tisa. Wimbo ulikuwa umekwisha.

"Gwang-deok, we mjinga, uko wapi?" redio ilisema. "Ukifa nitagombana na nani mimi?" Kisha mtu akapenga kamasi.

Gwang-deok aligeuza uso. Akapiga kasia kwa nguvu ambazo Mi-ok hakujua anazo.

Maji yalikuwa magotini ubavu mweupe wa meli ulipotokea ukunguni. Chil-bok alisimama juu, mdomo wazi, macho mekundu.

"Umekalia kipaza sauti, we mzee!" alipiga kelele Gwang-deok.

Chil-bok akashtuka. "Tangu lini? Mmesikia nini?"

Nafasi ya kumcheka mwaka mzima ilikuwa mkononi mwa Gwang-deok. Alimtazama yule mtu akiteremsha kamba.

"Tambi tu," alijibu. "Unafyonza kama mtoto."

Kesho yake asubuhi, mkono ukiwa kwenye plasta, alimwomba Mi-ok ampe redio. Akafungua ya tisa mwenyewe.

"We mwizi wa ngisi," alisema, "umeamka?"