Kiti cha Mkiani

Rafiki yangu Hazel, aliyenipigia simu kunisimulia haya, hatungi uongo, kwa hiyo acheni kumcheka. Wilf, kaka wa bibi yake, alikuwa mpiga bunduki mkiani mwa ndege ya mabomu iliyopotea katika Vita vya Pili vya Dunia. Serikali ilisema "hajulikani alipo", ikanyamaza. Hazel akaenda kwenye makumbusho ya ndege huko Lincolnshire, Uingereza, akajipenyeza kwenye kibanda cha mpiga bunduki mkiani mwa ndege kama ile. Milango ikajifunga. Giza tupu.

"Mzee, utani basi," Hazel alimwambia mlinzi wa makumbusho.

"Sijagusa, binti. Imekwama," mlinzi alijibu kutoka nje.

Vipokea sauti vya masikioni vilivyotundikwa humo, vilivyokatwa waya, vikakwaruza. Ndani yake sauti ya rubani ilikuwa ikiwaita watu wake, kila mmoja aitikie kutoka kitini mwake. "Mkiani?"

Hazel akaropoka, "Nipo."

"Asante kwa kunipokea zamu," sauti ya kijana ikanong'ona nyuma ya shingo yake. Milango ikafunguka, viatu vizito vya kijana huyo vikashuka, milango ikajifunga tena, na Hazel bado yumo.