Chupa Iliyojazwa Maji

Jamaa zangu wa Homa Bay na Migori, nitawasimulia habari za nyumba moja ya Ndhiwa. Nikimaliza mtasema mnawajua watu wa namna hiyo. Naamini mnawajua, na hilo ndilo linalonikasirisha.

Ijumaa moja jua lilipotua, nyumba hiyo ilikuwa tulivu. Nyaboke, mama mwenye nyumba, alikuwa amekwisha kupika chakula cha Sabato. Binti yake Lynnet, mwanafunzi wa kidato cha nne, aliongoza wimbo. Maranga, mume wa Nyaboke na fundi wa maabara katika shule ya binti huyo, aliitikia kwa sauti nzito. Ndipo simu ikalia. Maranga akatoka nayo hadi nyuma ya jiko.

"Orina, nimekwambia, Jumatatu utaipata."

Orina alikuwa fundi wa betri huko Sori, ufuoni mwa ziwa. Wavuvi wa omena, yaani dagaa, wa kisiwa cha Remba huvua kwa taa za betri, na betri ikichoka hutiwa asidi mpya. Maranga aliichota asidi kali ya salfa katika chupa ya shule, akamuuzia Orina, kisha akaijaza chupa maji hadi pale ilipokuwa. Mara baada ya mara alifanya hivyo. Kibandiko kiliendelea kutangaza moli kumi na nane kwa lita. Ukali uliobaki ndani haukuzidi robo ya huo.

Lynnet aliijua hesabu ya kuzimua asidi: ukali unaotakiwa ugawanye kwa ukali ulionao. Anayetaka lita moja ya moli moja nukta nane huchukua mililita mia moja za asidi kali, akakamilisha kwa maji. Wiki chache kabla ya Ijumaa hiyo alifanya hivyo hasa. Alipoupima myeyusho wake, alipata robo ya jibu lililotarajiwa.

"Baba yako ndiye mwenye funguo za maabara, nawe hujui kugawanya?" aliuliza Mwalimu Bogonko mbele ya darasa.

"Nimerudia, Mwalimu. Jibu ni lilelile."

"Basi umerudia ujinga uleule."

Darasa likacheka. Jioni Lynnet alimwambia baba yake, "Labda kemia si yangu. Nitaacha kuomba nafasi ya udaktari."

"Jitahidi, nyara," Maranga akajibu, akimwita binti yake kwa Kijaluo, akaendelea kula.

Litazameni jibu hilo. Mzazi alikubali mwanawe ajione mjinga ili yeye asionekane mwizi.

Madhara hayakuishia hapo. Kanuni ni kwamba asidi ndiyo humiminwa ndani ya maji, polepole. Maji yakimwagwa juu ya asidi kali, joto hupanda ghafla, nayo huchemka na kuruka. Wasichana waliikariri kanuni hiyo, lakini chupa ya Maranga iliwafundisha vingine.

"Hii yetu imeokoka," alisema Adhiambo, rafiki yake Lynnet, akiimwagia maji. "Hata ukiichokoza inasema asante."

Nani angewakemea? Bogonko hakukanyaga maabara ila wakati wa kudhihaki. Miwani ya kinga ilifungiwa kabatini ibaki mipya kwa ajili ya wakaguzi.

Mitihani ya vitendo ilipokaribia, shule ililetewa chupa mpya. Jumatatu aliyomwahidi Orina, alfajiri, Maranga akachota nusu yake. Boti ya Remba ilikuwa ikimsubiri Orina, kwa hiyo Maranga hakungoja kuongeza maji, angeyaongeza akirudi. Langoni akakutana na binti yake.

"Baba, Mwalimu amenituma nitayarishe asidi ya darasa. Kuna la kuangalia?"

Maneno mawili yangetosha: chupa mpya.

"Fanya kama kawaida, nyara. Nina haraka."

Naye akafanya kama kawaida. Alimimina asidi katika bika ya kioo, akamwaga maji juu yake. Asidi ikalipuka kama mafuta ya moto yaliyoangukiwa na maji, ikamrukia usoni. Adhiambo akamburuta hadi kwenye tangi la maji, akamwosha huku akipiga mayowe. Jicho la kushoto likaokoka. La kulia halikuokoka.

Maranga alifika hospitalini mchana.

"Baba Lynnet, ulikuwa wapi?" Nyaboke akauliza.

"Sori."

"Sori kuna nini?"

Maranga akaeleza yote. Nyaboke hakulia. Alikivuta kiti ambacho mumewe alitaka kukikalia, akakiweka upande wa pili wa kitanda.

Sauti ikatoka chini ya bandeji. "Baba, ile hesabu niliyochekewa. Ilikuwa sahihi?"

"Ilikuwa sahihi."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

"Mama," akasema Lynnet, "mwambie atoke."

Maranga alifukuzwa kazi na kushtakiwa. Bogonko angali anafundisha. Miwani ingali kabatini, mipya kabisa.

FUNZO

Mwizi wa mali ya shule haiibii serikali, kama anavyojidanganya. Humwibia mtoto aliye mbele yake, na mtoto huyo aweza kuwa wake. Tena kosa lililofichwa huzaa mazoea, na mazoea hayatambui siku ambayo hatari imerudi. Mwalimu, mwanafunzi akipata jibu lilelile kila arudiapo, ichunguze chupa kabla ya kumcheka. Nawe mzazi, sema kweli mapema, hata kama itakuaibisha. Aibu hupona. Jicho la Lynnet halitapona.