Tumbo la Trela

Jumamosi ile duka la rangi lilifurika watu. Seremala alisukumwa huku na kule mpaka kiwiko chake kikaangusha kopo la vanishi kutoka kaunta. Muuza rangi alilidaka hewani. Alikuwa dada mwenye ovaroli ya buluu iliyojaa madoa, kilemba cha njano na hereni ndogo zinazometa.

"Taratibu, kaka. Unataka kunifukuzisha kazi?"

"Samahani, dada. Natafuta kitu cha kuzuia maji. Naunda trela ya kulala safarini, tumboni, yaani chini yake, ni plaiwudi tupu."

"Upande unaotazama barabara? Chukua lami. Anza na kingo, ndizo zinazonywa maji. Na usithubutu kupaka mbao ikiwa na unyevu, hata ungoje wiki."

Kesho yake alirudi kununua brashi. Keshokutwa yake, brashi nyingine.

"Hiyo trela ina matumbo mangapi?" dada akamuuliza, akamwandikia namba ya simu kiganjani.

Wakapendana, tena si mchezo. Kila mchana simu ililia karakanani.

"Umekula, laazizi?"

"Bado. Niko chini ya trela."

"Ama kweli nina mke mwenza, tena wa mbao!"

Seremala alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye ekseli.

Likizo ya dada ilipokaribia, mvua ikanyesha siku mbili mfululizo na trela ikalowa chapachapa. Seremala hakuwa na subira. Alilifuta tumbo kwa tambara, akapaka lami alasiri ile ile. Siku ya nne lami ikavimba malengelenge, ikaanza kubanduka vipande vipande. Damu ikamchemka, akaenda dukani mbio.

"Umeniuzia takataka!" alifoka mbele ya wateja. "Hujui hata unachouza!"

Machozi yalimlengalenga dada. Bosi wake, mama mwenye miwani ya kamba, akamwondoa kaunta na kumhamishia stoo.

Jioni seremala alikwangua sehemu ya lami iliyobaki. Chini yake plaiwudi ilikuwa ingali inachuruzika maji. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Akampigia dada simu mara tisa, haikupokelewa.

Jumamosi akaingia dukani na kipande cha ile mbao.

"Mama, lami yenu haina kosa," alimwambia bosi kwa sauti ya kusikika na wote. "Huyu dada alinionya, mimi nikapaka mbao imelowa. Mjinga ni mimi. Tafadhali mrudishe kaunta."

Dada akatokea mlangoni mwa stoo, macho mekundu.

"Haraka ya nini yote ile?"

"Likizo yako ilikuwa inafika. Nilitaka nikupeleke ziwani, nikakuombe uwe mke wangu."

Dada akasogea hadi kaunta.

"Ulinitukana hapa," alisema. "Basi niombe hapa hapa, na wote wasikie."

Seremala akapiga goti kwenye sakafu yenye matone ya rangi, mbao bado mkononi.

"Nakupenda kupita kiasi. Nisamehe. Nioe... yaani, nikuoe?"

Wateja wakaangua kicheko. Bosi akavua miwani, akajifuta macho.

"Mjibu basi, mwanangu, watu wanasubiri rangi!"

"Nimekubali," dada akasema, akimwinua. "Lakini kabla ya harusi hiyo lami utaikwangua yote, na mimi nitakaa nikikuangalia."